Bibi anataka kufika kilele cha Uhuru akiwa na miaka 69, na mwoga ni mimi: ujasiri hujifunzwaje?

Mjukuu wa Ujiji ameuliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu nawasalimu.

Ninaomba ushauri juu ya jambo linalonikosesha usingizi tangu sikukuu ya Idi, siku ambayo bibi mzaa mama alitangaza mbele ya familia nzima kwamba anataka kupanda Mlima Kilimanjaro na kwamba amenichagua mimi niwe mwenzake wa safari. Ana umri wa miaka 69. Hana maradhi tunayoyafahamu, bado anakwenda shambani kwa miguu na kurudi, na hamu hii si ya jana wala juzi. Anasema imemkaa moyoni tangu darasani, mwalimu alipowasimulia jinsi Alexander Nyirenda alivyopandisha bendera na mwenge wa Uhuru kileleni usiku ule wa Desemba 1961 Tanganyika ilipopata uhuru wake.

Wajomba wamegawanyika, lakini swali langu si kama aende au asiende, kwa kuwa bibi akishaamua huwa ameamua. Swali langu linanihusu mimi mwenyewe.

Bibi alifiwa na mumewe angali kijana, akiwa na watoto wa kulea. Katika miaka ya 1980 akaanza biashara kwenye Ziwa Tanganyika, akisafiri na MV Liemba kutoka Kigoma kwenda bandari ndogo za kusini, na wakati mwingine hadi Mpulungu, Zambia. Wanaoijua meli hiyo wanakumbuka kwamba vituo vyake vingi havikuwa na gati. Meli ilikuwa ikisimama mbali na ufuko, mara nyingi usiku, mitumbwi na boti za mbao zikakimbilia ubavuni mwake, na abiria wakapanda na kushuka hapo hapo majini pamoja na magunia, kuku na watoto wachanga, huku mawimbi yakiwapandisha na kuwashusha. Bibi alifanya hivyo kwa miaka mingi, akipeleka vitenge na mawese, akirudi na mchele na migebuka mikavu. Hajui kuogelea mpaka leo.

Mimi niliyesomeshwa kwa faida ya biashara ile ni mhasibu hapa Dar es Salaam, na nimekataa uhamisho wa kwenda mkoa nisioujua, sisemi kikaoni hata nikiwa na hoja nzito, na ngazi ya nje ya ghorofa hunitetemesha magoti. Nimekulia katika simulizi za Liemba. Zimenifanya nimpende bibi na kumheshimu kuliko mtu yeyote, lakini hazijanitia ujasiri hata kidogo. Je, ujasiri wa mtu mwingine hujifunzwa kweli, au ni tabia ambayo mtu huzaliwa nayo? Na kama hujifunzwa, nianzie wapi ili nisije nikawa mzigo kwake mlimani?

Mwongozaji wa Marangu amejibu:

Dada, salamu kutoka Marangu. Kazi yangu ni kuongoza watalii mlimani, na kabla ya hapo nilikuwa mpagazi, hivyo nimepanda na wazee wengi, wanaume kwa wanawake. Kwanza niwatoe wajomba wako wasiwasi: umri wa bibi si wa kushangaza huku kwetu. Julai 2019 Anne Lorimor, mwanamke kutoka Marekani, alifika kilele cha Uhuru akiwa na miaka 89. Wanaotusumbua zaidi ni vijana wenye nguvu, ambao siku ya kwanza huiona njia ya msituni kuwa pana na yenye kivuli, wakakimbia, na kufika siku ya tatu vichwa vinawauma na chakula hakipiti. Mzee hutembea mwendo ambao mlima unautaka bila kuambiwa na mtu.

Nikija kwenye swali lako, nimeona watu wa aina mbili wanaofika getini bila woga wowote usoni. Wa kwanza hajui kinachomsubiri, na ujasiri wake kwa kawaida huishia Horombo, kituo cha kulala usiku wa pili. Wa pili anajua hatua kwa hatua kitakachotokea, ameshaogopa nyumbani kwake na ameshajiandaa kwa kile alichokiogopa. Kutokana na simulizi yako, nadhani bibi yako ni wa aina hii ya pili. Kwa hiyo anza kwa kuijua njia, kwa sababu hofu ya kitu kisicho na umbo ni kubwa kuliko hofu ya kitu unachoweza kukieleza.

Kwa mzee ambaye hapendi kulala kwenye hema, njia ya Marangu inafaa kwa kuwa ina vibanda vyenye vitanda. Geti liko chini kidogo ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Siku ya kwanza mnapita msituni hadi Mandara, karibu mita 2,700. Siku ya pili msitu unaisha, mnaingia kwenye nyasi na vichaka, mnaviona vilele vya Kibo na Mawenzi vikiwa mbali, na mnalala Horombo, karibu mita 3,700. Hapo nakusihi: lipieni siku ya ziada ya kukaa Horombo, hata kama wakala atawaambia kwamba wengi hupanda kwa siku tano na inatosha. Siku hiyo mnatembea kuelekea Mawenzi mpaka kwenye miamba yenye mistari myeupe na myeusi inayoitwa Mawe ya Zebra, kisha mnarudi kulala pale pale mlipolala jana. Mwili unaonjeshwa urefu halafu unapumzishwa chini yake. Baadaye mnavuka tambarare kavu iliyo kati ya vilele viwili, karibu kama jangwa, hadi vibanda vya Kibo, mita 4,700 na ushei.

Usiku wa mwisho mnaamshwa kabla ya saa sita na kuanza kupanda gizani kwa taa za kichwani, kwenye changarawe inayoteleza chini ya mguu, baridi ikiwa chini ya sifuri, kwa muda wa saa tano au sita hadi Gilman's Point, mita 5,685. Kutoka hapo mnaufuata ukingo wa kreta, yaani shimo la volkano, hadi Uhuru, mita 5,895. Aliyeishia Gilman's Point naye hupewa cheti, kwa hiyo msione aibu kuishia hapo.

Ngazi ya ghorofa unayoiogopa haina mfano wake katika njia hii. Hakuna mahali utakapotembea kwenye ukuta wa jiwe ukiwa unaning'inia. Kinachohitajika ni uvumilivu wa kuweka mguu mmoja mbele ya mwingine wakati mwili unataka kulala. Uvumilivu huo unaweza kuufanyia mazoezi kuanzia mwisho wa wiki hii: nenda Morogoro, panda Uluguru hadi Morningside na ushuke, kisha rudia ukiwa na mzigo mgongoni. Baadaye njoo Marangu kwa siku moja, upande na mwongozaji hadi Mandara na kreta ya Maundi, urudi jioni. Utaifahamu hali ya hewa, viatu vyako na pumzi yako kabla ya siku yenyewe.

Muuguzi Mstaafu amejibu:

Mwanangu, marahaba. Mwongozaji amesema vizuri, nami nitaongeza upande wa afya kwa sababu ujasiri usio na vipimo unaweza kumuua mtu.

Kileleni shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile la pwani, maana yake ni kwamba kila pumzi inaingiza karibu nusu tu ya oksijeni uliyoizoea ukiwa Dar es Salaam. Umri peke yake haumfanyi mtu augue kwa urefu wa mlima. Kilicho hatari kwa wazee ni maradhi ya moyo, mapafu, shinikizo la damu na upungufu wa damu ambayo hayajagunduliwa. Kwa hiyo maneno "hana maradhi tunayoyafahamu" hayatoshi. Bibi apimwe moyo, presha, sukari na wingi wa damu, na amwambie daktari wazi kwamba anakwenda karibu mita 6,000. Daktari ndiye atakayeamua kama acetazolamide, dawa ya kuzuia ugonjwa wa urefu wa mlima, inawafaa, kwa kuwa haifai kwa kila mtu, hususan wenye mzio wa dawa za salfa. Dawa za usingizi msizitumie mlimani.

Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa hamu ya chakula ni dalili za kawaida, na mtu mwenye dalili hizo hapandi zaidi mpaka zipungue. Lakini akianza kuyumba kama aliyelewa, akachanganya maneno, au akahema kwa shida hata akiwa ameketi, ubongo au mapafu yake yanajaa maji. Hapo hakuna kusubiri asubuhi. Anashushwa wakati huo huo, iwe usiku au mvua.

Sasa fikiria jambo ambalo pengine hujalifikiria. Anayeweza kuugua ni wewe. Ugonjwa huu hauchagui, na nimeona kijana mzima akishushwa kwa machela wakati wazee waliokuwa naye wakiendelea. Je, mmekubaliana mtafanya nini ikiwa wewe ndiye utakayezidiwa Kibo, na bibi bado ana nguvu za kufika alikokutamani tangu utotoni? Mazungumzo hayo yanahitaji ujasiri kuliko changarawe yote ya mlimani, na yafanyike mkiwa bado nyumbani.

Mkazi wa Ohio amejibu:

Ndugu Mjukuu, ninaishi Columbus, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, na swali lako limenikumbusha bibi mmoja wa jimbo hili ambaye habari zake nimezisoma kwa mapenzi makubwa. Jina lake ni Emma Gatewood. Alizaliwa mwaka 1887 shambani, akazaa watoto 11, na kwa miaka mingi alipigwa vibaya na mumewe hadi walipoachana. Alipokuwa na miaka 67, tayari akiwa na wajukuu 23, aliitembea peke yake njia ndefu ya milima ya Appalachian, kutoka Georgia kusini hadi Maine kaskazini, zaidi ya kilomita 3,200. Alianza tarehe 3 Mei 1955 na kufika kilele cha Katahdin tarehe 25 Septemba. Alivaa raba za kawaida za kitambaa. Begani alibeba mfuko aliojishonea mwenyewe, na badala ya hema alitumia pazia la plastiki la bafuni kujikinga na mvua. Hakuna mwanamke aliyekuwa ameimaliza njia hiyo peke yake kwa safari moja kabla yake.

Wengi husimulia hilo na kuishia hapo, nami naona wanaacha sehemu muhimu kuliko zote. Mwaka mmoja kabla, yaani 1954, alijaribu akianzia upande wa Maine. Akapotea, miwani yake ikavunjika, chakula kikamwishia, na askari wa misitu waliompata wakamshauri arudi nyumbani. Alirudi. Hakubishana nao, wala hakuhesabu jambo lile kuwa mwisho wa habari yake. Mwaka uliofuata akaanzia upande wa kusini, ambako njia huanza kwa upole zaidi, na majira ya joto yakawa mbele yake badala ya nyuma. Mwaka 1957 akaitembea njia yote tena. Mwaka 1959, akiwa na miaka 71, akatembea kutoka Independence, Missouri, hadi Portland, Oregon.

Nimekuwekea habari hii kwa sababu umeuliza kama ujasiri ni tabia ya kuzaliwa. Sidhani kwamba mwanamke yule aliingia msituni bila woga. Ninachokiona ni mtu aliyekuwa amekwisha kuyapita magumu ya nyumbani kwake, na aliyejua kwamba kurudi nyuma mara moja hakumwondolei haki ya kuanza upya. Bibi yako aliyelea yatima wake kwa biashara ya ziwani anafanana naye sana. Kabla ya safari mwulize kuhusu safari zilizoharibika. Simulizi tulizozisikia utotoni huwa ni za ushindi, kwa kuwa wazee hawapendi kuwatia watoto hofu, na mtoto akikua na ushindi peke yake hudhani mwenye simulizi ni kiumbe tofauti na yeye.

Bi Mkubwa wa Makunduchi amejibu:

Mwanangu, mimi nitasema machache. Hapa Unguja tulikuwa na Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013, na dunia ilimjua kwa kuimba taarabu hadi uzee mkubwa na kwa kukimbia ndoa aliyolazimishwa akiwa msichana, akavuka kwenda bara. Wageni walimtazama jukwaani na kumpigia makofi. Lakini wasichana aliowafunda kwenye unyago walikaa naye chumbani, wakacheza ngoma naye, wakaulizwa na wakajibu, na hao ndio waliochukua kitu kutoka kwake.

Wewe umekuwa mtazamaji wa bibi yako. Yeye ameliona hilo kabla yako, ndiyo maana katika wajukuu wote amekutaka wewe. Nenda Ujiji ukae naye. Usimwulize tena habari za meli kwa jumla. Mwulize mkono wake ulishika wapi.

Mjukuu wa Ujiji amerudi:

Ninawashukuru nyote kwa heshima kubwa, na hasa wewe Bi Mkubwa, kwa sababu swali lako nimelichukua kama lilivyo. Nilipata likizo fupi nikaenda Ujiji, na nikamwuliza bibi mkono wake ulishika wapi.

Alinyamaza kidogo, kisha akaeleza mambo ambayo sijawahi kuyasikia. Aliniambia kwamba aliogopa kila safari, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Safari ya kwanza aliiacha boti iliyotangulia iende bila yeye, ili awatazame wazoefu. Akaona kwamba hawakanyagi wakati boti imezama chini ya wimbi bali husubiri iinuliwe, ndipo wanapiga hatua moja bila kusita. Akaona pia kwamba wanaoanguka ni wale wenye mizigo mikononi. Tangu siku hiyo alizifunga fedha kiunoni, akampa kijana wa boti ujira wa kupokea magunia, na mikono yake yote miwili akaiacha mitupu kwa ajili ya kushika. Kisha akanisimulia safari moja ambayo boti iliyokuja kuwachukua ilikuwa imejaa kupita kiasi. Wenzake wakashuka, yeye akakataa, akapitiliza na meli hadi bandari iliyofuata ambako hakuwa na wateja, na faida ya safari nzima ikapotea. Wale walioshuka walifika salama, wakamcheka sana sokoni. Nilimwuliza kama alijuta. Alisema hapana, kwa kuwa watoto wake walikuwa na mzazi mmoja tu.

Hospitali tumekwenda, na presha ilionekana kuwa juu kiasi, kwa hiyo ameanza dawa na daktari ametaka amwone tena kabla ya kuruhusu safari. Bibi amekubali bila kunung'unika, jambo lililowashangaza wajomba. Mimi nimepanda hadi Morningside. Pia nimezungumza kikaoni kazini, juu ya hesabu ambayo niliona haiko sawa, baada ya kujiuliza kwanza mikono yangu ingeshika nini: nilikuwa na stakabadhi, nilikuwa nimezipanga, na niliingia nikijua sentensi yangu ya kwanza.

Tumebaki na mzozo mmoja. Bibi anasema yeye akizidiwa niendelee bila yeye, lakini nikizidiwa mimi tutashuka wote wawili. Mimi sikubali, kwa sababu safari ni yake. Mwongozaji, naomba uniambie jambo hili huamuliwaje mlimani, na ni mwezi gani unaomfaa mtu wa umri wake.

Mwongozaji wa Marangu amejibu:

Dada, mzozo wenu unaweza kupunguzwa kabla hamjalipa. Mwambieni wakala kwa maandishi kwamba mnahitaji mwongozaji mkuu na wasaidizi wa kutosha, ili mmoja wenu akishuka aende na mtu wake, na mwingine abaki na mtu wake. Bila makubaliano hayo mnaweza kujikuta mna mwongozaji mmoja usiku wa kileleni, na hapo mmoja akishuka wote mmeshuka. Atakayeamua nani ashuke kwa sababu ya afya ni mwongozaji mkuu. Si bibi wala si wewe. Hilo mwelezeni bibi mapema, naamini atalielewa haraka, kwa kuwa naye alikuwa na nahodha.

Kuhusu mwezi, mvua za masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na za vuli hushuka zaidi Novemba. Kipindi cha Juni hadi Oktoba ni kikavu lakini baridi yake ni kali. Kwa bibi ningechagua mwisho wa Januari au Februari, ambapo usiku una baridi pungufu kidogo, na ningeangalia kalenda ili usiku wa kutoka Kibo uangukie karibu na mbalamwezi, kwa sababu mtu anayeiona njia huhema vizuri zaidi kuliko anayefuata visigino vya mwenzake gizani. Viatu mnunue sasa, bibi avivae kwenda shambani kila siku mpaka visahaulike mguuni, na makucha yenu myakate mafupi kabla ya kuja, maana wakati wa kushuka ndiyo hung'oka.